Pembe ya Spea

Jumanne, 8 Julai

Baridi ya kufa mtu. Mlima Meru haujaonekana tangu wiki iliyopita, umejifunika mawingu gubigubi kama mgonjwa wa malaria. Lakini mimi, Koikai, mchonga vinyago namba moja kuanzia Kijenge mpaka Kwa Mrombo, leo nang'aa!

Mama Hansa, yule mwenye duka la vitambaa karibu na soko kuu, amekuja kibandani kwangu mwenyewe. Wahindu wanajenga ukumbi pale hekaluni kwao. Wanataka mlango wa mninga, uliochongwa, uwe tayari kabla ya Diwali, sikukuu yao ya taa. Juu ya mlango akae Ganesh, yule mwenye kichwa cha tembo, ambaye wao humwomba awafungulie njia kila wanapoanza jambo. Nikamwambia mama amefika penyewe. Tembo mimi nawajua kwa majina, nimefanya kazi kambi ya watalii Tarangire. (Nilikuwa naosha vyombo. Hakuuliza.)

Sasa tatizo. Alipotoka kwangu akavuka njia, akaingia kwa Gadiel. Gadiel! Mmeru wa Usa River ambaye twiga wake wote wana shingo upande. Mama akasema kila mmoja wetu achonge Ganesh mdogo, Jumatatu kamati itachagua.

Jioni nimemwambia mke wangu Namnyaki kazi nimeshapata. Nimetangulia kidogo tu.

Jumatano, 9 Julai

Mke wangu hana breki. Kawaambia wanakwaya. Wanakwaya wamemwambia mchungaji. Mchungaji kanipigia simu kunipongeza kwa kujenga ujirani mwema. Halafu simu kutoka Oldonyo Sambu: baba mkwe! Anakuja Jumatatu kuona kazi ya mkwewe kwa macho yake.

Huyu mzee hajawahi kunitaja jina. Tangu nimwoe binti yake huniita "yule wa vijiti". Yule wa vijiti hajambo? Yule wa vijiti bado anakaa mjini? Nikikosa mlango huu, nitazikwa na jina hilo.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda hekaluni kufanya utafiti. Mlangoni kuna kengele. Nikaipiga kama ya shule, mpaka Mzee Kantilal wa kamati akatoka mbio akidhani kuna moto. Mama Hansa akasema mara moja inatosha, mwanangu, Mungu hajalala.

Viatu vinabaki nje. Katambuga zangu? Nje? Mjini hapa? Tairi lenyewe la Land Cruiser! Nikazificha ndani ya koti, kifuani. Kuinama kwa heshima kama wengine: pa! pa! Zimeanguka mbele ya Ganesh, moja baada ya nyingine. Mama Hansa akafumba macho. Mzee Kantilal akaniuliza kwa upole kama nimezileta zibarikiwe. Gadiel, aliyekuja na soksi safi, mnafiki yule, alicheka mpaka akatoka nje. Haya, nimeelewa. Viatu na patakatifu havikai pamoja. Limeingia kichwani, halitoki.

Mama akanitembeza. Pale wameandika Om, sauti ambayo wao husema ulimwengu ulianza nayo. Pale kuna msalaba wenye mikono iliyokunjwa. Nikaruka! Si ndiyo ile ya filamu za vita? Mama akasema wao wanayo tangu maelfu ya miaka, ni alama ya heri, huichora mlangoni na hata kwenye duka jipya. Wale wa vita waliichukua tu wakaichafua. Nikamwambia najua, nilikuwa namjaribu. Akanionyesha panya miguuni pa Ganesh: ndiye kipando chake. Mwili ule wote, juu ya panya! Nimempenda panya huyu.

Halafu nikaona. Pembe moja ya Ganesh imevunjika!

Watu wanapita, wanaweka maua, wanaweka ladu, vile vitamu vyao vya mviringo, hakuna anayesema neno. Mimi nikajua palepale. Imevunjika kwenye meli, ikitoka India, na wenyewe wanaona aibu. Gadiel naye kaiona, akafungua mdomo amuulize mama. Nikamkanyaga mguu. Huwezi kwenda kwa watu ukaulizia kilichovunjika! Huyu kalelewa wapi?

Jumamosi, 12 Julai

Nachonga tangu asubuhi. Wangu ana pembe mbili nzima na masikio ya Tarangire, mapana kama ungo. Na nina siri. Namchongea na yule wa hekaluni pembe ya kuweka pale palipokatika. Kila gari Arusha lina spea, iweje Ganesh akose?

Nilitaka kutumia mfupa wa ng'ombe, unang'aa vizuri. Namnyaki akaniuliza, Baba Joel, akili umeiacha kwenye jagi la pombe? Hao watu wanamheshimu ng'ombe kuliko hata baba yangu anavyomheshimu! Basi nikachukua mjakaranda, mti mweupe. Nimeusugua mpaka umekuwa laini kama shavu la mtoto. Sijawahi kuchonga kitu kizuri hivi. Nasema kweli, na mimi najisifu kila siku, kwa hiyo tofauti naijua.

Nikapita kwa Gadiel kuchungulia. Wake ana pembe moja imekatika! Kaiga mpaka ajali! Na mkono mmoja kaukunja ngumi yenye tundu, haijashika kitu. Nilicheka, kisha nikamwonea huruma, nikamwambia, ndugu yangu, mrekebishe bado mapema. Akanijibu, Profesa, kachonge vyako.

Jumatatu, 14 Julai

Baba mkwe alifika na shuka lake na fimbo. Akavua viatu bila kuambiwa. Akaketi nyuma ya kamati kama yeye ndiye mwenyekiti.

Gadiel aliweka wake mezani, akasema shikamooni, akaketi. Mimi nikatoa hotuba. Nikasema aibu ya wenzetu ni aibu yetu, meli hutikisika, hakuna wa kulaumiwa. Nikatoa ile pembe mfukoni. Nikatoa na gundi.

Kisha Mzee Kantilal akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Mama Hansa alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya sari. Akasema, mwanangu, hakuna meli. Ganesh aliivunja mwenyewe. Alikuwa anaandika utenzi mrefu mno, mwenzake anatunga kwa mdomo yeye anaandika, na sharti lilikuwa asisimame hata kidogo. Kalamu ikakatika katikati. Akavunja pembe yake, akaendelea kuandika.

Nikairudisha gundi mfukoni. Nilifikiria shajara hii. Wino ukiniishia nalala. Huyu alivunja pembe.

Mama akaendelea: ndiyo maana picha nyingi humwonyesha ameishika mkononi ile iliyokatika. Macho yote yakaenda kwa Ganesh wa Gadiel. Ile ngumi tupu. Gadiel akakiri alijua habari ya pembe, alimuuliza mama siku ileile mimi nilipotoka, ila hakujua mkono ushike nini. Mzee Kantilal akaokota pembe yangu, akaichomeka kwenye ile ngumi. Ikaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake!

Uamuzi: Gadiel atachonga Ganesh, naye ndiye fundi mkuu. Mimi pembe, maua na mapambo yote ya pembeni. Pamoja! Mlango mmoja! Masikio yangu ya Tarangire yamerudishwa kwa shukrani.

Baba mkwe akasimama. Nikajua sasa ni vijiti. Akauliza nani kachonga kile cheupe. Nikasema mimi, baba. Akakishika, akakipapasa kwa kidole, akakirudisha taratibu. Akamwambia Mama Hansa kwamba binti yake ameolewa na yule wa pembe. Kisha akaenda kutafuta chai.

Yule wa pembe! Nimepanda cheo!

Jumatano, 16 Julai

Kazi imeanza. Kijenge nzima nimewaambia Gadiel ni msaidizi wangu. Yeye mwenyewe kasikia, kanitupia nyundo, lakini ya mbao.

Leo Mama Hansa kaleta picha ya kuchonga upande wa kulia: Lakshmi, mama wa neema na riziki. Amesimama juu ya ua la yungiyungi, katikati ya maji. Peku! Julai hii, maji yale, peku! Gadiel akasema twende tukaulize kwanza. Nikamwambia kuuliza ni kwa wageni, mimi dini hii sasa naifahamu. Mama wa watu kasimama majini miaka yote hiyo, na hakuna fundi hata mmoja aliyemwonea huruma.

Sitamwambia Mama Hansa. Nataka afurahi siku tutakapofunua mlango.

Nimeshamaliza katambuga ya kushoto.