Mwongozo wa Malezi ya Mkurugenzi Msaidizi

Idara ya Vibali na Utulivu ina furaha isiyo na kifani kuwatangazia wananchi wote, walioko kwenye foleni na waliokwisha kukata tamaa, kwamba kuanzia Jumatatu imepata mbwa.

Ndivyo tangazo lilivyosomeka. Lilibandikwa kwenye mlango mkuu, likagongwa mihuri mitatu, na saini ya Mkurugenzi chini yake ilikuwa ndefu kuliko tangazo lenyewe. Mbwa alihitajika kulinda ghala, maana viti arobaini vilikuwa vimetoweka ndani ya mwaka mmoja, na uchunguzi wa kina ulikuwa umebaini kwamba, ingawa viti vina miguu, havikuondoka vyenyewe.

Kanuni za manunuzi zinataka kila kinachoingia idarani kiwe kipya, kisichowahi kutumika. Mzabuni alizisoma kanuni, akazitii. Akaleta mbwa wa wiki nane.

Aliyempokea ni karani wa masjala, mwanamke wa miaka arobaini na minane ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Jalada, hata wale waliowahi kulijua jina lake. Mambo ya mbwa hayakuwa kazi yake. Ila boksi lilikuja na hati ya makabidhiano, na hati zote ni za masjala. Alipolifungua, kitu kidogo cha rangi ya kahawia kikatoka kikiyumba, kikainusa hati, kikachuchumaa juu yake, kikajisaidia.

"Ameshasaini," alisema dereva wa mzabuni, akaenda zake.

Bi Jalada alikuwa mtu wa taratibu. Miaka ishirini na miwili masjala ilikuwa imemfundisha kwamba jambo lisiloandikwa halijatokea. Basi akafungua faili jipya, akaandika juu yake MBWA, akaianika ile hati dirishani. Lakini yule mtoto wa mbwa hakutulia. Alilia, akazunguka, akalamba mguu wa meza, akalia tena. Bi Jalada akaenda kwa Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, mbwa ana njaa."

Mkurugenzi alikuwa mtu mnene wa sauti na mwembamba wa subira. "Kanuni zinasemaje kuhusu chakula cha mbwa?"

"Hazisemi kitu. Chakula hutolewa kwa watumishi tu, tena wakiwa kikaoni."

"Basi aitwe kikaoni."

"Si mtumishi, Mheshimiwa."

"Aajiriwe! Kila kitu mpaka niseme mimi?"

Kabla ya saa sita mchana mtoto wa mbwa alikuwa ameajiriwa kwa miezi sita ya majaribio. Na kwa kuwa mbwa wa umri ule hula mara nne kwa siku, idara ikaanza kufanya vikao vinne kwa siku. Ajenda ilikuwa moja: mengineyo. Wajumbe waliketi, akidi ikahesabiwa, mbwa akala, kikao kikafungwa. Wananchi waliokuwa dirishani waliambiwa wasubiri, wakubwa wako kikaoni, na kwa mara ya kwanza tangu idara iundwe, kilichoanzishwa kikaoni kilikuwa kinamalizika.

Tatizo ni kwamba kikao cha watumishi wa kawaida hupewa mkate na chai ya maziwa. Siku ya tatu tumbo la mtoto likamharibikia. Alihara kwenye zulia la mapokezi, kisha akajilaza hapohapo, macho yamemlegea, hata mkia hautikisiki. Bi Jalada alimfunga kwenye khanga, na kazi ilipokwisha akaenda naye moja kwa moja kwenye kibanda cha mumewe, ambaye alikuwa kinyozi na alikulia nyumba yenye mbwa sita.

"Mke wangu, mbwa na chai wapi na wapi?" alisema kinyozi, akimpapasa mtoto tumbo. "Mpe maji safi, mengi. Kesho uanze nyama ya kuchemsha, isiyo na chumvi, kidogo kidogo, saa zilezile kila siku. Na vitunguu usithubutu. Ni sumu kwake."

"Nyama hutolewa kwenye vikao vya kuanzia Mkurugenzi Msaidizi."

Kinyozi akazima mashine. Mteja akabaki na nusu kichwa. "Basi mpandisheni cheo."

Alikuwa anatania. Lakini Bi Jalada hakuwahi kuzoea kutenganisha utani na ushauri.

Asubuhi Mkurugenzi alipoletewa barua ya kupandisha cheo alikunja uso. Mbwa wa siku nne kazini! Watu wana shahada! Bi Jalada akamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba mkurugenzi mwenye wasaidizi watatu anastahili kiti cha kuzunguka na pazia zito, na yeye alikuwa na wasaidizi wawili. Mkurugenzi alisaini kabla sentensi haijafika mwisho.

Tangu siku ile mbwa akaitwa Msaidizi. Alinenepa, manyoya yakang'aa. Kila Ijumaa Bi Jalada alimchana kwa kitana kikuukuu cha mumewe, akifuata manyoya yanakolala, akimfunua masikio na kumkagua chini ya tumbo. Kisha akaandika kwenye faili: "Ukaguzi wa maungo umefanyika. Kupe wawili wamesimamishwa kazi."

Ndipo yakaja mambo ya meno.

Msaidizi alitafuna mguu wa benchi la wananchi. Akatafuna mpini wa muhuri, na kwa wiki nzima vibali vilitoka na alama isiyosomeka, wala hakuna aliyeona tofauti. Mwishowe akaingia chini ya meza ya Mkurugenzi, ambaye hupenda kuvua viatu akifikiri, akatoka na cha kushoto. Kilipopatikana kilikuwa kimebaki kisigino na kamba.

Mkurugenzi alimwandikia barua ya kutakiwa kujieleza ndani ya siku saba. Msaidizi aliila. Bi Jalada akaandika daftarini: "Imepokelewa."

"Nileteeni fimbo!" Mkurugenzi alinguruma, amesimama na soksi moja. "Samaki mkunje angali mbichi!"

"Huyu ni mbwa, Mheshimiwa."

"Ni methali, Bi Jalada!"

"Naijua. Lakini ukimchapa sasa kwa kiatu cha asubuhi, hatajua kosa lake ni lipi. Atajua tu kwamba wewe ni mtu wa kuchapa. Anaota meno, fizi zinamuwasha. Apewe kitu chake cha kutafuna, na viatu vikae miguuni."

"Hilo limeandikwa wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Halikuwa limeandikwa popote. Aliangalia chini. Msaidizi alikuwa amelala juu ya mguu wake, kipande cha barua kimemning'inia mdomoni, anapumua kwa raha ya mtu asiye na kesi. Bi Jalada akauchomoa mguu taratibu, asimwamshe.

"Kesho kutwa litakuwa limeandikwa," alisema.

Aliandika siku mbili, mumewe akimsomea na kumsahihisha kati ya mteja na mteja. Mlezi asipige wala asipige kelele. Tendo jema lisifiwe ndani ya sekunde tatu, lisipite bila zawadi ndogo. Kila baada ya chakula, mlelewa atolewe nje kwenye majani kabla ya robo saa kwisha, asije akachafua ofisi. Afundishwe kuja anapoitwa, kusubiri, na kutowaogopa wageni. Azoeshwe kuguswa masikio. Juu ya jalada aliandika: Mwongozo wa Malezi ya Mtumishi Aliye Chini ya Majaribio, Ngazi ya Mkurugenzi Msaidizi.

Mkurugenzi alisoma jalada. Ndani hakufika, maana alikuwa na desturi ya kuheshimu kazi za wengine.

"Inakuwaje waraka wa vyeo vya juu unaishia kwa Msaidizi?" aliuliza kwa uchungu. "Mimi niko wapi?"

Akachomoa kalamu, akaongeza kwa mkono wake mwenyewe: *na Kuendelea*. Kisha akasaini.

Ukapita mwezi wa amani. Msaidizi akajifunza kukaa, kusubiri na kutoka nje kwa wakati. Kosa lake lilikuwa moja tu: aliwapenda wananchi. Alikuwa amekusudiwa kuwabwekea. Badala yake aliipitia foleni mtu mmoja mmoja, akinusa bahasha, akilaza kichwa kwenye magoti ya wagonjwa. Foleni ikarefuka. Fundi mmoja wa mabomba alikuja mara tatu kuomba kibali cha ukuta asiokuwa nao.

"Mbwa anahudumia watu kuliko idara!" Mkurugenzi alifoka. "Wataanza kuzoea!"

Akaandika makao makuu kuomba Msaidizi aondolewe kwa manufaa ya umma. Na kanuni za kuondoa kitu idarani zilikuwa zinajua njia moja tu: kuteketeza, mbele ya mashahidi watatu.

Barua ile ilipita masjala, kwa sababu barua zote hupita masjala. Bi Jalada aliishika muda mrefu. Angeweza kuipoteza. Barua nyingi zilikuwa zimepotea mikononi mwa watu wasio na sababu nzuri kama yake. Lakini hakuwahi kupoteza barua, na mikono haikukubali kuanza. Akaipa namba, na kama utaratibu unavyotaka kwa barua inayomhusu mtumishi wa majaribio, akaambatanisha Mwongozo.

Jioni hakugusa chakula.

"Imekwenda?" mumewe aliuliza.

"Imekwenda. Na kiambatisho."

Baada ya wiki mbili akafika Mkaguzi kutoka makao makuu, mwanamke mwembamba mwenye miwani, ambaye uso wake ulikuwa umefungwa kama ofisi siku ya sikukuu. Aliketi ukumbini, akafungua Mwongozo, akautazama kwa makini.

"Nimekuja kupima watumishi walio chini ya majaribio, Mkurugenzi Msaidizi na kuendelea. Huyu mbwa ni mmoja. Na wewe, bwana, cheo chako kamili?"

"Mkurugenzi."

Mkaguzi akageuza karatasi. "Hapa naona Kaimu Mkurugenzi."

"Ah, hilo ni neno tu. Nina miaka tisa kwenye kiti."

"Kaimu ni mtu anayejaribiwa. Basi watahiniwa ni wawili."

"Mheshimiwa Mkaguzi, huo ni waraka wa mbwa!"

"Na haya maneno mawili juu ya jalada ni mwandiko wa nani? Wa mbwa?"

Mkurugenzi alimtazama Bi Jalada. Bi Jalada alitazama faili lake, amelikumbatia kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuja unapoitwa. Msaidizi aliitwa mara moja, akaja akiteleza sakafuni. Mkurugenzi aliitwa mara tatu akiwa ofisini kwake, akatuma jibu kwamba yuko kikaoni.

La pili, kusubiri. Chakula kiliwekwa mbele, Mkaguzi akahesabu hadi thelathini. Msaidizi alitetemeka mwili mzima, udenda ukamshuka hadi sakafuni, lakini hakunyanyuka. Mkurugenzi aliwekewa sahani ya biskuti. Kwenye kumi na mbili alikuwa ameshameza.

"Nilikuwa nahakiki ubora," alisema, akijifuta makombo.

Kwenye ukaguzi wa masikio alikataa katakata. Ikaandikwa: hajazoeshwa kuguswa.

La mwisho, mgeni. Mkaguzi alimwita ndani mtu wa mbele kwenye foleni, mama mmoja mshonaji aliyekuwa akifuatilia muhuri mmoja tangu Jumanne. Msaidizi alimnusa pindo la gauni, akaketi, akampa mkono. Mama akacheka. Kisha akamgeukia Mkurugenzi, akamnyooshea karatasi yake.

"Nani kakuruhusu kuingia?" Mkurugenzi alifoka kabla hajajizuia. "Toka! Uje wiki ijayo!"

Mkaguzi aliandika taratibu, akitamka kila neno: "Anabwekea wageni."

Matokeo yalisomwa palepale. Msaidizi amethibitishwa kazini, na ombi la kumwondoa limetupwa. Bi Jalada alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, na Msaidizi akamlamba kifundo cha mguu. Kaimu Mkurugenzi ameongezewa majaribio ya miezi sita, na mafunzo yaanze upya, chini ya mlezi mzoefu.

"Nani ameandika Mwongozo huu?" Mkaguzi aliuliza.

"Mimi, mama," alisema Bi Jalada.

"Basi huyu bwana ni wako kumlea."

"Heri mnifukuze!" Mkurugenzi alilia.

Mkaguzi akafunua ukurasa wa mwisho, akamwonyesha kwa kidole. "Hapana. Hapa inakatazwa kumtupa mtoto kwa sababu tu hajajifunza."

Asubuhi iliyofuata, saa nne na dakika kumi, chai ilipokwisha, Bi Jalada alimtoa Mkurugenzi nje kwenye majani. Msaidizi alitangulia bila kamba, mkia juu. Foleni nzima iligeuka kutazama. Mzee mmoja aliyetaka kupita kwenda dirishani alisimama, bahasha kifuani, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, anauma?"

"Huyu mdogo haumi, baba. Huyo mkubwa bado tunamfundisha. Pita polepole, usikimbie."

Mzee akapita polepole. Mkurugenzi alivuta pumzi, akafungua mdomo, mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha akamwona Bi Jalada ametia mkono kwenye mfuko wa koti lake mwenyewe. Akafunga mdomo.

"Vizuri sana," alisema Bi Jalada papo hapo, na kumpa biskuti.