Dunia Nzima Kasoro Afrika

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimetolewa. Mimi, Gustave, fundi wa simu wa kwanza katika barabara hii ya Berea (wa pili kufika, wa kwanza kwa akili), nimetolewa kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa mtaa. Watu mia nne! Aliyenitoa ni Blaise. Ana duka la simu ng'ambo ya barabara, na kwa kuwa ndiye msimamizi wa kundi anajiona waziri wa habari. Sababu yake: jana nilitangaza kwamba maji yatakatwa siku tatu. Watu wakajaza ndoo, sufuria, mabafu. Mzee mmoja alijaza hadi viatu vya mvua. Maji hayakukatika. Hilo nalo ni kosa langu? Ni kosa la maji.

Sikulalamika. Nilipiga simu kwa kampuni inayotuletea intaneti, nikauliza kama liko kundi lisilo na msimamizi. Dada wa mapokezi alicheka, akanipeleka kwa fundi wao wa siku nyingi, Bwana Fazel. Huyu ni Mzanzibari wa Chatsworth, kazaliwa hapa hapa Durban. Kiswahili chake ni cha bibi yake, kinatoka polepole kama mtu anayeshuka ngazi na trei ya chai. Akaniambia kiko kitu kinaitwa Usenet. Kilikuwapo kabla hata ya tovuti. Makundi maelfu kwa maelfu, ya kila jambo. Watu wanaandika, na kila mashine inapitishia mashine jirani. Hakuna wa kumtoa mtu. Kampuni inaweza kukufungulia mlisho, habari zikawa zinamiminika zenyewe mpaka kwenye kompyuta yako.

Nikauliza nani Durban analetewa mlisho huo. Akasema kwao, hakuna. Ombi la mwisho alilipokea miaka kumi na moja iliyopita.

Hakuna! Nimewawahi wote. Voilà.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda Sydenham, ofisini kwao. Bwana Fazel alikuwa amevaa tai, nadhani kwa ajili yangu. Akanikaribisha sambusa na fomu iliyogeuka manjano.

Jina la kompyuta? Nikaandika MUKUBWA. Ukubwa wa juu wa kila makala? Nikaandika: usiwepo. Makundi gani? Bwana Fazel akanieleza kwamba nyota moja maana yake ni makundi yote, lakini akanishauri nianze na machache, kwa sababu mengine yanabeba filamu na picha zilizokatwa vipande vipande, na hayo yanaweza kujaza laini yoyote. Nikamwambia mimi si mtu wa machache. Akainuka kwenda kuswali adhuhuri, akasema nimalizie taratibu.

Nikachora nyota. Kisha nikafikiri: watajuaje yaliyo muhimu kwangu? Basi nikaandika Afrika, siasa, kabumbu na muziki, na mbele ya kila jina nikaweka alama ya mshangao, ili waone kwamba hayo ni ya haraka! Nikatia sahihi yangu yenye mkia mrefu, nikaacha fomu mezani.

Saa tisa Bwana Fazel alipiga simu kuuliza kama nina hakika na nilichoandika. Nikamwambia sijawahi kukosa hakika.

Chumba ninachofanyia kazi ni cha Maman Anaïs. Upande wa dirishani ni saluni yake, upande wa ukutani ni meza yangu. Mkataba ni wa jina lake, laini ya intaneti pia, lakini mambo ya kompyuta ameniachia mimi. Sijamwambia kitu. Aone mwenyewe.

Jumatano, 7 Mei

Saa mbili na robo mlisho umefunguka. Ajabu! Makala zilishuka kwenye skrini kwa kasi kuliko jicho linavyoweza kufuata. Saa nne nilikuwa na laki mbili. Treni za Ufini. Namna ya kufuga mende. Wanaume wanaogombana kuhusu hema la kulala watu wawili. Nikatafuta Afrika. Sifuri. Kabumbu: sifuri. Muziki: sifuri. Siasa hakuna hata moja, na dunia hii ilivyojaa wanasiasa!

Nilijua mara moja. Blaise! Amewanunua watu wa kampuni.

Nikampigia Bwana Fazel kushtaki. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba radhi kwanza, jambo lililonitia wasiwasi. Kumbe alama ya mshangao mbele ya jina la kundi maana yake ni: hili usilete. Nimeomba rasmi, kwa sahihi yenye mkia, dunia nzima kasoro Afrika, siasa, kabumbu na muziki. Alipoona fomu alidhani mimi ni mtu aliyechoka.

Nikamwambia alama hiyo waliiwekea maana mbaya. Kwetu ikionekana ni furaha.

Akanitumia fomu ya kubadilisha mlisho. Nikaondoa alama zote nne. Alinisihi niondoe na nyota. Nyota nimeiacha. Nimeshapewa dunia, kwa nini niirudishe?

Jioni Anaïs alisema wateja wake wanalalamika, simu zao haziendi. Nikamwambia ni mawingu.

Alhamisi, 8 Mei

Afrika imefika! Iko humo ndani, pamoja na vingine vyote. Kuipata ni kazi, lakini iko.

Nimeweka ubao mlangoni: HABARI ZOTE ZA DUNIA, HUMU. Nikawa nawasomea wateja wa Anaïs huku wanasukwa. Hawakuvutiwa sana na treni. Mmoja, Deborah, aliniuliza habari za Uvira, mama yake yuko kule na simu yake haipokelewi. Nilitafuta dakika arobaini. Nilipata mtu anayeuza dawa ya mbwa na mwingine anayeamini dunia ni bapa. Deborah akaniambia si kitu, kwenye kundi la Blaise kuna mtu ametuma sauti kutoka kule asubuhi. Nikajifanya natafuta bisibisi.

Laini ilikuwa imeanza kuchoka, basi nikaisaidia. Nilichomeka simu yangu kwenye MUKUBWA, bando lake likaingia kazini. Lilikwisha kwa muda wa kunywa chai. Nikachomeka na simu ya Anaïs iliyokuwa inachaji kwenye meza yangu. Nayo ilifanya kazi kwa moyo.

Wateja wawili wameondoka nywele nusu. Anaïs aliniuliza: mawingu bado? Anga ilikuwa bluu tupu. Nikamwambia mawingu ya juu zaidi.

Ijumaa, 9 Mei

Eish. Siku hii sikutaka kuiandika.

Mama Nahimana ni Mrundi, mshonaji, chumba chake ni cha tatu kutoka kwetu. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa zinaisha leo. Ombi la kuzirefusha linatumwa kwa intaneti, na wiki mbili zilizopita alikuja nimsaidie. Nilimwambia aje Ijumaa, Ijumaa huwa kuna utulivu. Akaja saa saba, amevaa kitenge chake kizuri kwa ajili ya picha, bahasha kifuani.

Ukurasa ulifunguka mweupe. Ukabaki mweupe. Nikang'oa waya wa MUKUBWA, mlisho ukakatika. Bado mweupe. Nikampigia Bwana Fazel, nikamkuta ndiyo anatoka msikitini. Akaniambia mashine ya kampuni imeibana laini yetu yenyewe, kwa sababu katika siku mbili tumekula chakula cha mwaka cha barabara nzima. Watu wa kuibanua wameshatawanyika hadi Jumatatu. Atajaribu kuwatafuta.

Simu yangu: bando hakuna. Simu ya Anaïs: hakuna, na ndipo Anaïs alipojua. Sitaandika alichosema. Alikisema kwa Kifaransa chote anachokijua.

Saa nane. Saa nane na nusu. Saa kumi wanafunga kupokea maombi. Mama Nahimana hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono juu ya bahasha.

“Gustave, mwanangu,” akaniambia, “kesho polisi akinisimamisha, nitamwonyesha nini? Hizo habari zako?”

Nilitazama skrini, nikatazama ubao wangu mlangoni. Kisha nikamshika mkono, tukasubiri roboti, taa ya barabarani, igeuke kijani, tukavuka. Sikuwa nimevuka barabara ile tangu Februari.

Njiani nilitengeneza sentensi: kwamba nimekuja kukagua laini yake kwa niaba ya mtaa. Nilipofungua mdomo nikasema, “Blaise, ndugu yangu, saidia mama.”

Blaise alinitazama. Akamtazama Mama Nahimana. Akatazama saa ya ukutani.

“Karibu, mama, keti hapa. Wewe Gustave, shika hiyo taa. Huku iko giza, picha haitatoka.”

Nikashika taa. Alijaza kila kitu mwenyewe, jina, tarehe, namba, akimsomea Mama Nahimana kila mstari kabla ya kubonyeza. Mara moja ukurasa ulikwama, na nikasikia mama akisali kwa Kirundi. Ukasonga. Saa tisa na dakika arobaini na moja jibu likaja: ombi limepokelewa, na namba yake. Blaise akalichapa. Mama Nahimana alilikunja mara nne, akaliingiza kifuani, ndipo akalia.

Blaise hakuniuliza chochote. Hakunicheka. Ubaya wake ndio huo.

Kwa haki, lakini, taa niliishika mimi. Picha ilitoka safi.

Jumamosi, 10 Mei

Anaïs alizungumza tangu tulipofungua mpaka mteja wa kwanza alipoingia. Kwa kifupi: neno la siri la laini amelibadilisha, anakaa nalo yeye. Nikiigusa tena, meza yangu itaenda kukaa kwenye lami, na mimi juu yake.

Nimempelekea Mama Nahimana chapati na maharage. Akapokea. Akasema bado amekasirika, lakini akapokea, na akanirudishia sahani, na kifungo cha shati nililovaa ameshakishona papo hapo. Sikujua kilikuwa kimelegea.

Blaise amenirudisha kwenye kundi. Sharti: nisome, nisiandike. Nimekubali. Mtu mwenye uzoefu anajua thamani ya kunyamaza, na nimenyamaza tangu saa tano mpaka sasa saa saba.

Mlisho: fomu ya tatu ameiandika Bwana Fazel kwa mkono wake, mimi nimetia sahihi tu. Kundi moja, la Afrika. Maandishi peke yake. Hakuna nyota, hakuna alama yoyote. Amempigia Anaïs mwenyewe, akamwita “binti yangu”, akamwapia kwamba kwa siku hautazidi uzito wa picha moja ya simu. Anaïs alikubali. Mimi nimeomba mara kumi sikukubaliwa, mzee wa watu kaomba mara moja!

Jumatatu, 12 Mei

Mlisho umefunguka saa mbili. Laini inakwenda, wateja wanatazama tamthilia zao, kofia za kukaushia nywele zinavuma. Kufikia saa tatu nilikuwa na makala tatu. Ya kwanza: dawa ya mbwa. Ya pili: wanaume wawili wanaogombana tangu mwaka jana kuhusu jina la mto fulani ambao wote hawajawahi kuuona. Ya tatu iliandikwa na Bwana Fazel. Ilisema: “Karibu, Gustave. Kuna mtu?”

Nikajibu kwamba nipo. Akajibu. Nikajibu. Asubuhi nzima tuliandikiana, pakiwa na mlio mdogo kila makala yake ilipoingia. Akasema yapata miaka sita hakuna aliyemjibu mle ndani, lakini kila Jumatatu huandika mstari mmoja, kuona kama njia bado inapitika. Akasema pia kwamba lawama za Ijumaa ni zake: aliona nyota ile, akajua kitakachotokea, lakini alifurahi mno kuombwa mlisho hata hakutaka kuniambia hapana. Nikamsamehe. Mimi ni mwepisi wa kusamehe.

Kisha akaniambia la maana. Mwisho wa mwezi kampuni inaizima mashine yake ya Usenet. Hakuna anayeitaka, itakwenda kwa wanunuzi wa vyuma. Ina ukubwa wa friji, inavuma kama kinu cha unga, na inahitaji mtu wa kuitunza.

Nikamwandikia kwamba mtu huyo ni mimi. Kwa juma moja nimefungua mlisho, nimeubadilisha mara mbili, na nimeishi siku mbili na dunia nzima kwenye laini moja. Nani mwingine Durban? Akauliza kama chumba ni changu.

Nikaandika: ni chetu.

Jumanne, 13 Mei

Mambo yamekaa sharp kabisa. Anaïs amekwenda Pietermaritzburg kwenye harusi ya mpwa wake, anarudi Ijumaa. Ameniachia funguo, na kwa ajili ya wateja watakaokuja kuchukua wigi ameniachia neno la siri la laini kwenye kikaratasi. Akasema ananiamini kidogo.

Bwana Fazel amepata ruhusa ya kuizima mashine mapema, inaletwa Alhamisi. Nimepima. Kwenye meza yangu mashine haiingii. Kwenye ukuta wa choo haiingii. Lakini pale penye kofia mbili za kukaushia nywele inaingia kama imezaliwa pale! Kofia nimezitoa, ziko nje, zimepangwa vizuri chini ya ubao. Mwanamke mmoja wa saluni ya Overport amesimama kuzitazama, akauliza kama zinauzwa. Nikamwambia aje Alhamisi mapema na gari, kabla mashine haijafika.

Anaïs atafurahi! Nafasi ilikuwa inamsumbua siku nyingi.