Manabii Kumi na Wawili Kwenye Ekseli

Jumatatu, 9 Machi

Gerrit, mwenye kiwanda, ametuita asubuhi mimi na Janelle, mwenzangu wa chumba cha majaribio. Hakukaa hata chini. Ijumaa wanakuja wateja kutoka Minnesota kuona tunavyoijaribu ekseli, ule mhimili wa magurudumu, ya trela lao la mahindi. Baada ya hapo chumba cha majaribio kitabaki na mtu mmoja. Mwingine karakana ya rangi.

Karakana ya rangi nimeifanyia kazi miaka kumi na tisa. Kifua changu bado kinaikumbuka. Janelle ana cheti cha chuo. Mimi nina miaka hamsini na sita na ufunguo wa kabati.

Nimepewa visanduku vipya kumi na viwili, vile vinavyochukua vipimo kwenye ekseli na kuvipeleka kwenye kompyuta. Hakuna cha kubofya. Ni skrini nyeusi tu. Unaandika amri, unangoja. Nikaiamuru iorodheshe vifaa. Ikajibu hakuna kifaa. Na taa kumi na mbili zinawaka mbele ya macho yangu! Ikanichukua saa tatu. Kumbe kiendeshi cha zamani, ile programu iliyokuwa ikiongea na visanduku vya zamani, bado kimeng'ang'ania nafasi. Nikakifuta, nikaweka kipya, nikaizima kompyuta na kuiwasha. Vyote vikajitokeza. Nilivua kofia nikamshukuru Mungu.

Jumanne, 10 Machi

Nilichomoa nyaya nifagie chini ya meza. Nilipozirudisha, kompyuta ikavipa visanduku namba nyingine kabisa. Cha tatu kikawa cha tisa. Nikatafuta kwenye kitabu cha maelekezo: kuna amri ya kukibatiza kisanduku jina lisilobadilika hata ukihamisha waya.

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Nimewapa majina ya manabii wadogo, kumi na wawili kamili, kuanzia mbele ya ekseli kwenda nyuma, kulia kisha kushoto. Hosea, Yoeli, Amosi, mpaka Malaki. Sikuandika popote. Atakayetaka kujua nani yuko wapi ni lazima aje kwangu. Mtu wa namna hiyo hapelekwi kupaka rangi.

Janelle alikuja kuomba orodha. Nikamwambia iko kichwani. Akaitazama skrini kwa muda, akatabasamu, akaondoka anaimba wimbo kwa pua. Nilimhurumia kidogo.

Jumatano, 11 Machi

Siku ya maombi ya mazao. Gerrit alifunga mapema, sote tukaenda kanisani. Mchungaji aliombea mashamba, mvua, na kazi za mikono yetu. Alipofika kwenye mikono yetu nikajikuta namwangalia Janelle, viti viwili mbele yangu, na shingo yake imeinama kweli kweli. Ana mama mgonjwa. Nilijiuliza kama yeye naye anaiogopa rangi. Sikuwahi kuliwaza hilo.

Nikaomba Mungu atufanyie wote haki. Halafu nikamkumbusha habari za kifua changu.

Baadaye, kwenye kahawa na mikate ya nyama, Arlys mke wangu aliniuliza mbona nimenyamaza. Nikasema nawaza mahindi.

Alhamisi, 12 Machi

Balaa. Nilikandamiza kitovu cha gurudumu la kulia, nafasi ya saba. Nahumu kimya. Habakuki, aliyepaswa kuwa kushoto, ndiye ambaye vipimo vyake vinapanda. Nikabadilisha nyaya tatu. Gerrit akapita, akauliza kama tuko tayari. Nikamjibu tunamalizia. Hata Nuhu wakati mmoja alikuwa anamalizia.

Saa ya chakula nikaenda kwenye gari kufungua Biblia. Nahumu ni wa saba, Habakuki wa nane. Jumanne nilimtanguliza Habakuki. Leo nimehesabu sawasawa. Miaka yote hii kanisani!

Nikajaribu kumgeuza Nahumu awe Habakuki. Kompyuta ikakataa, jina lina mwenyewe. Kwa hasira nikaandika amri ya kurudisha vyote kama vilivyotoka kiwandani. Hiyo ilikubali. Ilikubali mara moja. Manabii wote wakafutika, zikabaki namba kumi na mbili zisizo na mpangilio. Nikaenda nyumbani bila kumuaga mtu.

Ijumaa, 13 Machi

Nilifika saa moja asubuhi nikiwa nimeshaandaa hotuba ya kujiuzulu. Janelle alikuwa ameshatangulia. Kwenye skrini, manabii wote, kila mmoja mahali pake. Alikuwa amezunguka ekseli akiigonga kwa kifundo cha kidole, nafasi moja baada ya nyingine, akitazama ni namba ipi inaruka, kisha anaipa jina.

Nikamuuliza amejuaje majina.

"Ndugu Verlyn," akasema, "mimi ndiye ninayewafundisha watoto Jumapili, pale chini ya kanisa. Mji mzima huu umeimba ule wimbo wa manabii kumi na wawili. Ulidhani umemficha nani?"

Nikavua kofia. Akaongeza, taratibu, "Ungeniuliza tu, kaka yangu."

Ekseli ilibeba mzigo wote. Wateja wakafurahi, mmoja akapiga picha ya jina la Habakuki. Gerrit akauliza ni kazi ya nani. Janelle akasema majina ni wazo la Verlyn, yeye amehakiki tu, na chumba kinahitaji watu wawili. Gerrit akakuna kichwa. Akasema tubaki wote mpaka Agosti, halafu ataona. Janelle akabandika orodha ukutani kwa gundi ya karatasi. Herufi kubwa.

Jumamosi, 14 Machi

Arlys ameoka sinia la keki za shayiri, nimempelekea Janelle. Mama yake ndiye aliyefungua mlango. Nimerudi kwa miguu polepole, nikiwaza. Alinitendea ambalo mimi nisingemtendea. Hilo limenikaa kifuani kuliko rangi.

Lakini Agosti si mbali, na Gerrit ameagiza visanduku vingine ishirini na vinne.

Kosa langu lilikuwa kuchagua manabii wanaojulikana. Nimepata Nehemia sura ya kumi, ile orodha ndefu ya waliotia muhuri agano. Hakuna anayeisoma. Nimeshakariri sita.

Arlys amenisomea sasa hivi karatasi ya matangazo ya kanisa. Kuanzia kesho mchungaji anafundisha Nehemia, mstari kwa mstari.

Nitaanzia mwisho wa orodha; huko hatafika kabla ya Agosti.