Ayoub Akodi Paa

Ayoub hakuwa mwizi, na ukimwita mwizi alichukia kwelikweli. Mwizi huvunja mlango. Ayoub milango alifunguliwa, akapewa kahawa na halua, na wakati wa kuondoka mwenye nyumba alimsindikiza mpaka garini akimwombea dua. Hasara ilijulikana baadaye, na yeye wakati huo huwa yuko wilaya nyingine.

Asubuhi hiyo alikuwa Ibra, huko Omani, mkahawani, anakunywa chai. Meza ya pili alikaa bwana mmoja mnene, anazungumza na simu kwa Kiswahili kwa sauti kubwa, akidhani ni lugha ya siri. Kuzungumza siri kwa Kiswahili Ibra, mji uliojaa mabibi waliozaliwa Unguja, ni sawa na kuibandika ukutani.

"Bunduki ninayo," alisema yule bwana. "Gari ninalo, darubini ninayo, mpaka buti nimenunua. Baridi inaingia na mimi sina pahala pa kupiga hata swala mmoja. Niko siriasi, ndugu yangu, sina pahala."

Sikio la Ayoub lilisimama. Alingoja simu ifungwe, akahama na gilasi yake.

"Samahani, bwana mkubwa. Nimesikia bila ya kusikiliza. Jina langu Ayoub. Kazi yangu ni kukodisha mashamba ya watu kwa wawindaji."

Yule bwana akamtazama juu mpaka chini. Jina lake Marzouq, mtu wa Nizwa, mzaliwa wa Bujumbura, mwenye kampuni ya kukarabati majumba.

"Kuwinda si kumekatazwa?"

"Kumekatazwa jangwani, ardhi ya serikali. Mimi nazungumzia shamba la mtu, lina ua na lina mwenyewe. Ghazala aliyemo ndani, huyo unayemwita swala, ni wake, kama mbuzi wake."

Huu ulikuwa uongo kuanzia neno la kwanza. Sheria ya nchi haimgawi ghazala wa ndani na wa nje; haguswi, basi. Marzouq alilijua hilo vizuri tu. Lakini mtu mwenye tamaa akiuliza swali huwa hataki jibu, anataka adanganywe kwa adabu, na kwa adabu Ayoub hakuwa na mpinzani toka Ibra mpaka Sur.

"Sawa, tufanye dili," alisema Marzouq. "Lakini mimi ni mtu wa mikataba. Nataka karatasi yenye sahihi ya mwenye shamba. Na shamba litayarishwe kwa msimu. Maji yawepo, mianya ya ua izibwe. Nikiona karatasi nakulipa msimu mzima kwa mkupuo. Kabla ya hapo, hata hiyo chai yako jilipie."

Ayoub akajilipia chai, akatoka anapiga mluzi. Hakukusudia kutayarisha kitu. Alikusudia kuchukua malipo ya msimu mzima na kuhamia Salalah.

Shamba alikwisha kulichagua. Lilikuwa Bidiya, pale mitende inapokoma na mchanga unapoanza, mali ya Bi Zabibu, mjane wa miaka sabini na tisa. Bi Zabibu alizaliwa Unguja mjini, na mpaka leo anasema Kiswahili kile cha zamani, kila neno limekaa mahala pake. Aliishi na Kidawa, dada wa Kitanga aliyekuja kwa kazi za nyumbani na mwenye mwandiko ambao hata mahakamani ungepita.

Ayoub hakujua kuwa Bi Zabibu siku hizo halali vizuri. Nyumba yake ni ya udongo, na juu inavuja. Mwanawe Hamood, mkubwa wa ofisi huko Maskati, alikwishamwambia kwamba hatii tena hata baisa moja kwenye udongo. Mvua ya kwanza ya baridi hii ikiingia ndani, analeta lori, anamchukua mama yake kwenye fleti ya ghorofa ya saba, na shamba linauzwa. Bi Zabibu aliwahi kuiona hiyo fleti. Ukifungua dirisha unaona dirisha. Alirudi kwake akalia siku mbili, akanyamaza, akaanza kutazama mawingu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weye mtoto wa nani?"

Ayoub akataja ukoo wake, na safari hii alisema kweli, kwa kuwa ulisaidia. Akaletewa kahawa. Nje ya dirisha jirani alikuwa akimwagilia mitende, Mwarabu asiyejua Kiswahili ila bila shaka anajua ghazala ni nini. Ayoub akashusha sauti. Alilikumbuka neno la bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akimpakata na kumwita "paa wangu". Neno zuri, maana yake ghazala, na jirani halijui.

"Bibi, nina haja. Nataka kukodi paa."

Bi Zabibu akanyanyua macho juu. Juu ya kichwa chake palikuwa na doa la maji la ukubwa wa sinia.

"Paa?"

"Paa, bibi. Yote."

"Yote," alirudia Bi Zabibu, taratibu. "Hata la jikoni?"

Ayoub alishangaa kuwa wanafika mpaka jikoni. Akafurahi. "Hata ya jikoni."

"Na la chooni?"

"Popote ilipo, bibi, mimi naichukua."

"Lakini limechoka, mwanangu. Toka marehemu alipofariki hapana aliyelitazama. Mbavu zote ziko nje."

"Itanenepa, bibi. Niachie mimi."

Kidawa, aliyekuwa mlangoni na birika, akaingia jikoni ghafla na kubaki huko. Bi Zabibu naye akaweka kikombe chini. Alikwishafahamu kuwa yeye na mgeni wake hawazungumzii kitu kimoja, ila alitaka kujua kijana huyu anataka nini hasa.

"Na hao watu wako watalifanya nini?"

"Watatazama tu. Watu wa mjini wanapenda kutazama. Wanakuja na darubini zao, wanatazama, wanakwenda zao."

Marehemu mumewe alikuwa na marafiki wa darubini, na kila darubini ilikuwa na bunduki yake. Bi Zabibu akaelewa yote kwa mara moja. Akaelewa pia kwamba jina litakaloandikwa kwenye karatasi, siku polisi wakija, ni lake. Damu ikamchemka. Akatabasamu.

"Taib. Kodi sitaki, mwanangu. Utanitayarishia kwa msimu, basi, inanitosha. Ila uniachie rehani, maana dunia imeharibika. Mulkiya ya gari lako itatosha. Ukimaliza matayarisho, unaichukua."

Kutayarisha kwa msimu! Maneno yaleyale ya Marzouq. Na kodi hakuna. Ayoub ilibidi ainamishe uso kwenye halua ili furaha isionekane. Hiyo mulkiya, kadi ya gari, angeichukua tena Jumapili kwa uongo mdogo tu.

Kidawa akaitwa aandike. Alikuja macho yamemwiva, akasema ni vitunguu. Bi Zabibu alitaja, yeye akaandika:

*Mimi Ayoub nimelikodi paa lote la kwa Bi Zabibu, Bidiya, kwa msimu mmoja, na nitalitayarisha kabla ya msimu kuingia. Nitaziba mianya yote. Nitabadilisha boriti zilizooza. Nitasafisha milizamu ili maji yasikwame. Mpaka nimalize, mulkiya ya gari langu ni rehani kwake.*

Ayoub akasoma kwa kidole. Mianya ni ya ua, boriti ni nguzo za ua, hayo yalikuwa wazi. Milizamu hakuijua, lakini palikuwa na maji, basi bila shaka ni mabirika ya wanyama kunywea. Kuuliza ni kujiaibisha. Kuhusu hicho "lote la" baada ya "paa" hakushughulika nacho hata kidogo. Ayoub ni kizazi cha Ibra. Kwake yeye paa yake, gari yake, mtoto yake, vyote vimo kapu moja, na kilichoko juu ya nyumba kinaitwa sath, kwa Kiarabu, hajapata kukiita vingine. Akatia sahihi, akambusu bibi mkono, akaondoka na nakala yake.

Yeye na Marzouq walikutana mji wa Al Mintirib, kwenye gereji ambapo madereva hupunguza upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani. Marzouq alikuja na nguo za kuwindia za rangi ya mchanga, karatasi ya bei bado inaning'inia kwapani. Akavaa miwani akasoma. Akasoma tena. Kisha akaanza kucheka, na alivyo mnene, kicheko kilichukua muda kumaliza safari yake.

"Bwana Ayoub. Hii ni kazi ya paa."

"Ndiyo, bwana mkubwa. Paa."

"Paa hili." Marzouq akaonyesha mabati ya gereji, juu ya vichwa vyao.

"Hapana, paa ghazala."

"Ghazala kwetu ni swala."

"Kwetu ni paa. Bibi yangu ndivyo alivyosema."

"Basi ingeandikwa paa *wa*. Hapa ni paa *la*. Mimi Kiswahili changu cha Bujumbura kimejaa matobo, sikatai, lakini nina projekti kumi na mbili za mapaa huko Nizwa. Najua paa linaandikwaje. Boriti, mianya, na hii milizamu ni vile vipaipu vya kutemea maji ya mvua. Umekodi kuvuja, ndugu yangu."

Ayoub alirudi Bidiya kwa mwendo ambao dereva asiyekuwa na mulkiya hathubutu. Alimkuta Bi Zabibu anachambua mchele.

"Bibi, mie nilikusudia ghazala."

"Ungesema paa *wa*. Umesema *hata ya jikoni*. Ghazala wa jikoni umemwona wapi?" Akaweka ungo pembeni, na sauti yake ikawa nyengine. "Ulitaka jina langu kwenye karatasi ya haramu. Miaka sabini na tisa sijaingia kituo cha polisi hata kuuliza njia. Ulinihesabu mie ni mzee, sijui. Sasa panda juu, mwanangu. Ngazi iko nyuma ya banda."

Angeweza kwenda polisi akasema kadi imepotea. Lakini baina ya Ayoub na polisi palikuwa na mambo ambayo hakupenda wakumbushwe. Na bima ya gari ilikuwa ikimalizika mwisho wa mwezi, na bila ya mulkiya haifanywi upya. Gari lile ndilo lililokuwa likimfungulia milango yote. Ayoub bila ya gari ni mtu yeyote tu aliyesimama juani.

Marzouq naye hakuona sababu ya kurudi Nizwa mikono mitupu. Alikuja kuwinda, na windo limejitokeza. Akamwandikia Ayoub mkataba wa vifaa na fundi, Iqbal, mtu wa Lahore aliyenyooka kama timazi. Ayoub akalipa kwa akiba ya uongo wake wa miaka miwili, na iliyobaki haikutosha kuajiri kibarua. Kibarua akawa yeye.

Siku ya kwanza alijaribu kuzimua udongo kwa mchanga ili kazi iende haraka. Iqbal hakugomba. Alimkalisha ndani, chini ya pale palipozibwa, akamwaga ndoo tatu za maji juu. Siku ya pili Ayoub alichanganya udongo kama alivyoambiwa. Walitoa magogo yaliyooza, wakaweka mapya, wakatandika mikeka, udongo, dawa ya kuzuia maji, udongo tena. Milizamu ilitoa viota vya ndege na kiatu kimoja cha mtoto, na Bi Zabibu alipokiona kile kiatu alikishika muda mrefu. Kilikuwa cha Hamood.

Mvua ilikuja Alkhamisi, mchana, na upepo. Hamood hakukawia, magharibi haijafika, yuko kiwanjani na lori na watu wawili wa kubeba. Aliingia ndani huku anatazama juu. Alitembea chumba mpaka chumba. Akapanda kiti, akagusa dari kwa kiganja, akakitazama kiganja.

Bi Zabibu alikaa kitako kwenye busati. Mikono aliificha ndani ya shuka. Ayoub, aliyekuwa pembeni na udongo mpaka nyusini, alijikuta amezuia pumzi, na likamkera sana hilo, maana hakumbuki kupata kumwombea mtu kheri bila ya yeye kupata fungu.

"Pakavu," alisema Hamood.

"Basi rudi na lori lako," alisema mama yake. "Au kaa ule, kuna wali."

Hamood akainama akambusu mama yake kichwani. Bi Zabibu akalia mbele ya kila mtu, wala hakuona haya. Baadaye alimpa Ayoub mulkiya yake, na mfuko wa tende, na hakumwambia mwanawe neno lolote kuhusu ghazala.

Pengine angelimwambia ingekuwa bora. Hamood, asiyejua kitu, aliingiwa na shukrani. Alipiga picha ya paa, akapiga na ya Ayoub aliyejaa udongo, akawatumia jamaa wote kwenye simu: *Huyu kijana ni mwaminifu. Kamtengenezea mama paa bila ya kumtoza.* Jamaa wakawatumia jamaa zao. Mpaka Ijumaa inakwisha picha imefika Sur na kurudi.

Wiki tatu baadaye Ayoub aliingia soko la Sinaw, kanzu imepigwa pasi, kilemba kimekaa sawa, na mpango mpya kichwani kuhusu ngamia wa mashindano ambaye hajazaliwa. Alimwona mnunuzi, mzee mwenye pete mbili za akiki na uso wa tamaa. Akamsogelea, akamsalimu kwa adabu yake yote.

Mzee akamkazia macho, kisha akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Si wewe yule fundi mwaminifu wa Bidiya? Alhamdulillahi. Twende kwangu sasa hivi, paa yangu inavuja."

Ayoub alitazama gari lake, akatazama ngamia wa sokoni, akatazama ile mikono isiyokuwa na nia ya kumwachia.

"Paa langu," alisema. "Linavuja."