Ukuta wa Lambo Uonekane Vizuri

Jamani, leo nimeadhirika! Mchana kweupe, mbele ya mgeni wa serikali.

Mnalijua lile lambo letu la mawe hapa Sapiwi, la tangu enzi za mkoloni. Ukuta una ufa, maji yanavuja kutwa. Kiangazi kilichopita lilikauka kabisa, tukahangaika sisi na ng'ombe wetu. Basi mimi, katibu wa kamati ya maji (cheo nilikigombania mwenyewe, msinionee huruma), nikaandika barua wilayani kuomba saruji. Wakajibu: injinia atakuja leo kuuona huo ufa. Asipouona, saruji inakwenda kijiji kingine.

Jana nikawaambia akina mama, "Fyekeni majani, ukuta uonekane vizuri." Basi. Sikusema zaidi.

Asubuhi injinia akafika na pikipiki. Na mimi nimependeza! Suruali ya mtumba, ya kitambaa, nimeiopoa mnadani juzi juzi baada ya kuuza pamba. Imenizidi kiunoni kidogo, nikaifunga kamba (mkanda tunaazimana na kaka, leo ilikuwa zamu yake). Tukashuka lamboni.

Mama yangu! Ukuta wote umekandikwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, laini, juu wamechora maua ya chokaa. Utadhani nyumba ya bwana harusi. Ufa hauonekani. Hata tone la maji hakuna!

"Katibu," injinia akauliza, "panavuja wapi?"

Kabla sijajibu, akajitokeza mama mkwe wangu, udongo hadi kwenye viwiko. Kumbe ndiye aliyewaongoza wenzake. Akanisalimia kwa Kisukuma:

"Mwangaluka, baba! Tumekandika tangu alfajiri. Si ulisema uonekane vizuri? Basi mgeni aukute unapendeza!"

Injinia akafunga daftari. "Ukuta mzima huu. Mnanichezea?"

Hapo akili ikaniruka. Nikaokota kijiti, nikachokonoa pale penye ufa. "Hapa, mheshimiwa! Hapa ndipo panapovu..."

Pwaa! Bonge la udongo likachomoka, maji yakanipiga tumboni, nikaanguka chali kwenye tope wanakonywea ng'ombe. Nikasimama upesi, kiume, nijifanye hakuna kitu.

Mimi nilisimama. Suruali haikusimama.

Mama mkwe akapiga yowe, akajifunika kanga usoni, akatimua mbio. Wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Na huku kwetu mkwe hata kula mbele yake unaona haya, sasa hii ya leo naiitaje?

Injinia naye machozi yanamtoka. Akafungua tena daftari, akaandika, akanitazama.

"Nimeona, katibu. Nimeona hata ambavyo sikutumwa kukagua."

Saruji inakuja Jumatatu. Wa kuipokea mtafuteni wenyewe, mwenzenu sitoki ndani.