Kirsten Haugland Alipaswa Kuwa wa Thelathini na Nne

Newton, Massachusetts
Alhamisi, siku tatu baada ya mbio

Ndugu Mhariri wa Michezo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mnaofanya kazi hapo gazetini. Mimi si mzima sana, na sababu ni ukurasa wenu wa Jumapili iliyopita.

Jina langu ni Leonard Gately. Nilikuwa fundi wa matanuri ya kupashia nyumba joto mpaka nilipostaafu. Nyumba yangu iko mlimani, karibu na maili ya ishirini na moja ya marathoni ya Boston, upande wa kulia ukielekea mjini. Gazeti lenu nimelisoma miaka arobaini bila kulalamika, hata mlipotangaza kifo cha mwalimu wangu wa hesabu naye yuko dukani ananunua mkate.

Jumapili hiyo mtabiri wenu, Bwana Fenwick, aliwapanga wanawake wa Marekani na nafasi watakazoshika. Aliandika kwamba Jolene Abernathy wa Colorado atakuwa Mmarekani wa kwanza kufika, katika nafasi ya tano. Kuhusu Kirsten Haugland wa Minnesota aliandika: "Miguu imechoka. Mlimani atakwisha. Nafasi ya thelathini na nne." Nilimwamini. Jumatatu Haugland akawa wa pili kati ya wanawake wote waliokuja kutoka pembe zote za dunia.

Ili uelewe hasara yangu, lazima nikueleze desturi ya mtaa wetu. Kabla ya Jumapili jioni kila nyumba hubandika karatasi kwenye mlango wa gereji ya Vincent Carbone: jina la mwanamke mmoja wa Marekani na nafasi atakayoshika. Nyumba itakayokosea kuliko zote ndiyo inayowapikia majirani supu ya chaza jioni ya mbio.

Mke wangu, Noreen, aliipika miaka kumi na tisa mfululizo. Hakutazama muda wa mtu wala mazoezi yake. Alitazama picha gazetini, akamtafuta aliyekonda kuliko wenzake, akasema, "Huyu maskini hajala," na kumpa nafasi ya kwanza. Mwaka mmoja chaguo lake liliacha mbio mbele ya lango letu. Noreen akamwingiza jikoni, akampa mkate wa siagi na chai, huku wenzake wakimaliza kwenye televisheni. "Umekuwa wa kwanza kufika hapa, mpenzi," alimwambia.

Noreen alifariki Novemba. Majirani walikuja na maneno mazuri. "Len, mwaka huu pumzika," Carbone akaniambia. "Hatutakuhesabu." Nikamwambia nihesabiwe. Majira yote ya baridi nilikuwa nikijifunza supu ile: chaza, viazi, kitunguu, nyama ya nguruwe ya chumvi, maziwa, na jani moja ambalo jina lake hakuliandika popote, ikabidi nilitafute kwa kunusa. Binti yangu Bridget akawa ananipigia simu. "Baba, hiyo sufuria ya sita mwezi huu. Kula mboga." Lakini nilitaka mtaa unywe supu ya Noreen mara moja tena, kutoka sufuria yake. Kilichohitajika ni kushindwa tu, na katika nyumba hii kushindwa hakujawahi kuwa kazi ngumu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa kumtegemea Bwana Fenwick, nilimwandika Haugland nafasi ya kwanza. Nilihesabu kosa la nafasi thelathini na tatu, ambalo hakuna jirani angeweza kulifikia hata kwa kusudi. Haugland alipokuwa wa pili, kosa langu likawa nafasi moja. Abernathy, ambaye karibu mtaa mzima ulimnakili kutoka kwenu, aliumia nyonga njiani, akawa wa kumi na tisa. Carbone alikuwa amejitia ujuzi, akamwandika Abernathy nafasi ya kwanza. Basi aliyeshindwa ni Carbone. Miaka kumi na tisa ya rekodi ya nyumba yangu imevunjwa na mtu anayelipwa mshahara kwa kubashiri.

2. Mke wa Carbone, Angela, ni mtu wa New York. Alitia nyanya badala ya maziwa, kama wanavyopika kwao. Naandika neno hili kwa utulivu: nyanya, ndani ya supu ya chaza, katika jimbo hili. Nilipolitazama bakuli akaniambia, "Len, ni rangi tu." Nikamwambia, "Angela, hata damu ni rangi tu." Watoto wa nyumba ya kona waliomba kuongezewa. Sitaki kufikiria watakua watu wa namna gani.

3. Nilikuwa nimenunua chaza ndoo mbili tangu Jumapili, kwa jinsi nilivyokuwa na hakika. Wamejaa kwenye friji yangu mpaka leo. Maziwa yangu yanakaa dirishani.

4. Utauliza kwa nini sikupika tu. Kwa sababu mshindi, yaani aliyekosea kidogo kuliko wote, haruhusiwi kugusa sufuria siku hiyo, na sheria hiyo aliitunga Noreen mwenyewe kwa mwandiko wake. Nilijaribu kuvuka barabara na sufuria. Carbone akanishika bega. "Weka chini, Len. Kaa. Umeshinda." Wakanipigia makofi. Hakuna aliyewahi kuipigia makofi nyumba yetu, na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi nilikubali kushindwa tangu Januari, nikanyimwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, mchapishe sahihisho kwamba Kirsten Haugland alikuwa wa thelathini na nne. Herufi ndogo zinatosha. Nitalikata na kulibandika kwenye gereji ya Carbone. Ikiwa mwenyewe atapinga, mwandikieni kwa adabu. Watu wa Minnesota ni waungwana na huenda akaelewa. Ikishindikana, muwaombe waandalizi mbio zirudiwe, za wanawake peke yao, wanaume wasisumbuliwe. Jumamosi ingenifaa, kwa sababu ya hali ya chaza. Mwisho, mwakani Bwana Fenwick aache kujumlisha maili za mazoezi, aje asimame hapa mlimani awatazame wakipita. Nitampa kiti.

Wasalimie wote hapo ofisini, na wapiga chapa, na yule kijana mwenye gari anayelitupa gazeti kwenye mawaridi yangu kila asubuhi bila kukosea. Msalimie Bwana Fenwick. Sina kinyongo naye kama mtu. Na mkionana na Jolene Abernathy, mwambieni mtaa mmoja huku Newton unamwombea nyonga yake ipone.

Wenu mtiifu, na mshindi bila hiari yake,
Leonard P. Gately

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua kwa mvuke wa birika kwa sababu kuna jambo sikuliandika, na Noreen hakupenda barua zenye mapengo.

Bwana Fenwick hakukosea. Haugland alikwisha mlimani kama alivyosema. Alisimama mbele ya lango langu, ameshika paja, wenzake wakianza kumpita, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyekula tangu juzi. Ningenyamaza, angekuwa wa thelathini na nne, nami ningekuwa napika. Nilinyamaza kwa muda wa kuhesabu mpaka nne. Kisha nikasikia sauti yangu inamwambia, "Mlima umeisha, mwanangu, ni pale tu kwenye ule mti." Si kweli. Baada ya mti kuna hatua mia mbili za kupanda, na Noreen alikuwa akiwadanganya wakimbiaji hivyo kila mwaka, mmoja mmoja, mpaka anapoteza sauti. Haugland akanitazama, akaondoka. Nilikimbia kando yake mpaka kwenye mti, nikipiga kelele, na baada ya hapo sikukumbuka supu mpaka alipofika mjini.

Tafadhali msisahihishe chochote.