Visanduku Yatima

Jumatatu, 3 Machi

Sijatulia. Nimeinuka kitini mara nane kabla ya kumaliza mstari huu. Mkurugenzi wa ukumbi wa maigizo ametangaza: mchezo mpya unahitaji mvua, na atakayeitengeneza vizuri zaidi ndiye atakayekaa chumba cha sauti. Chumba changu! Kiti nilichokikalia miaka kumi na mmoja mpaka kikachukua umbo langu. Mshindani ni shemeji, kaka yake mke wangu, fundi wa spika. Hukumu Ijumaa.

Nieleze, ingawa shajara hii naisoma peke yangu. Sisi hatuandiki programu kwa maneno. Tunachora. Kisanduku kimoja kinazaa mlio, cha pili kinauchuja, cha tatu kinaupunguza. Unaviunganisha kwa waya kwenye skrini, sauti inateremka hadi kwenye spika, kama maji kwenye mabomba. Mvua yangu iko tayari: visanduku tisa. Nilipoijaribu, mke wangu alikimbia nje kuanua nguo, akakuta jua kali. Alirudi amenuna. Akasema hiyo ndiyo mvua, nisiiguse tena. Alikuwa mkunga, anajua watoto, sauti hajui. Shemeji anavyo visanduku arobaini. Tisa kwa arobaini. Aibu.

Jumanne, 4 Machi

Hila imenijia nikipiga mswaki. Nimenakili visanduku na kuvimwaga pembeni mwa mchoro, mia tatu na vitatu, bila kuviunganisha na chochote. Skrini imefurika kama soko. Sauti haikubadilika hata chembe. Mkurugenzi atachungulia, atastaajabu, basi.

Jumatano, 5 Machi

Mkurugenzi hachungulii. Amepata programu iitwayo Mpekuzi. Unaipa mchoro, inafuata kila waya kutoka kwenye spika kurudi nyuma, kisha inatoa ripoti: kisanduku kipi kinafanya kazi, kipi kimekaa tu. Chombo kizuri sana. Ningekisifu kama kisingenihusu. Ya shemeji: visanduku arobaini, vinavyofanya kazi thelathini na vinane. Yangu aliisoma kwa sauti mbele ya mafundi wote: visanduku mia tatu kumi na viwili, vinavyofanya kazi tisa, yatima mia tatu na vitatu.

Yatima! Na mimi baba yao nimesimama pale pale, mzima wa afya. Shemeji akauliza nimefungua lini kituo cha kulea watoto. Fundi mmoja alicheka hadi akaangusha koleo. Nilimweleza Mkurugenzi kwa utulivu kwamba ile ni akiba. Akatugawia nakala za Mpekuzi, akasema kila mtu ajikague mwenyewe hadi Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi

Dawa ni rahisi: yatima hutafutiwa ndugu. Nimekiunga kila kisanduku na jirani yake, na cha mwisho na spika. Vidole vimekufa ganzi. Saa kumi alasiri nikamwita Mpekuzi. Yatima: sifuri! Nimezunguka chumba mara kumi na nne. Sauti sijaisikiliza, mke wangu ana wageni na ameniomba nisiwashe spika. Mvua ni ileile, itabadilikaje?

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji alianza. Mvua yake ilichemka kama mafuta kikaangoni. Kisha zamu yangu. Mpekuzi akatangaza yatima sifuri, nikamtupia shemeji jicho. Mkurugenzi akafungua sauti.

Mia tatu kumi na wawili wakalia pamoja. Kioo cha chumba kilitetemeka. Taa ikazimika. Mwigizaji anayepaswa kulowa katika onyesho la kwanza aliingia chini ya meza. Mkurugenzi alikata umeme kwa mkono wake mwenyewe, na nikakiona kiti changu kikiondoka.

Kwa mara ya kwanza shemeji hakucheka. Alimgeukia Mkurugenzi.

"Fungua ile ya juzi, yenye tisa. Dada yangu aliianulia nguo."

Nakala ya Jumatano ilikuwepo, yatima wakiwa bado hawajaungwa. Ikanyesha. Mwigizaji alitoka chini ya meza, akatazama dari, akanyoosha kiganja. Mkurugenzi akanisogezea kiti.

"Tisa, mzee. Usiguse."

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa kina. Kilichoniokoa ni wale mia tatu na watatu. Bila kelele zao, nani angeutambua upole wa wale tisa? Na shemeji ana lake jambo; mtu hamsifu mshindani bure. Namchunguza.

Mkurugenzi sasa anataka radi. Nimeimaliza leo asubuhi: visanduku vinne. Mke wangu alipoisikia alichomoa waya wa televisheni. Vinne tu! Aibu. Nimeanza kuongeza, nimefika mia nne. Safari hii sikosei: kila kisanduku nimekipa jina la ukoo wetu. Tuone Mpekuzi atamwita nani yatima.